Maswali na majibu: Jumapili bila magari, Jumatatu bila njia

Septemba ikibisha hodi, barua zenu hubadilika. Mwaka mzima mnaniuliza habari za nauli na mashimo, kisha mwezi huu ni siku bila magari tu, yaani kufunga barabara kwa saa chache ili watu wapite kwa miguu na baiskeli, kwa kuwa dunia imeitengea tarehe 22. Nimechagua chache. Zilizouliza kama kutembea kunapunguza kitambi nimeziweka kando. Kunapunguza, na mwaka jana nilijibu hivyohivyo.

Natoka Katwe hadi soko la Owino kwa miguu kila alfajiri, huu mwaka wa tisa. Jumapili iliyopita vijana waliovaa fulana mpya walinipa karatasi ya kunihamasisha nitembee. Wananitania? (Mchuuzi wa nyanya, Katwe)

Hawakutanii, mama. Hawajakuona tu.

Jiji hili la Kampala linatembea tayari. Simama karibu na Clock Tower saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone watu wanavyomiminika kutoka Katwe, Kibuye na Nsambya. Hawakusubiri semina. Wanatembea kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha mchana cha mtoto. Kumhamasisha mtu kama huyo atembee ni kumuuzia mvuvi wa Ggaba maji ya ziwa.

Anachokosa ni pa kukanyaga. Juzi nilimtazama mwanamke mmoja, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Alifika mahali kifuniko cha mtaro kimeng'olewa, na mtu mwema amechomeka tawi la mti shimoni liwe alama. Kushoto mtaro, kulia taksi. Akageuza shingo polepole beseni lisiyumbe, akaacha taksi tatu zipite, akashuka kwenye lami, akapiga hatua sita, akapanda tena. Ilikuwa hatua sita tu. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda, yaani 14 kwa siku, na walio wengi ni wa miguu na wa bodaboda. Sasa jiulize wangapi kati yao walikuwa katikati ya hatua sita kama hizo.

Siku bila magari si yako wewe, mama. Ni ya yule ambaye hajavuka barabara kwa miguu yake tangu anunue gari, hasa akiwa ndiye anayetia sahihi kwenye michoro ya barabara. Karatasi ile mrudishie kijana. Mwambie ampelekee mgeni rasmi.

Siku hiyo gari langu nitaliegesha wapi? (Ntinda)

Nyumbani.

Mkifunga barabara Jumapili, sisi wa steji tule vumbi? Au hamtupendi? (Dereva wa bodaboda, Wandegeya)

Ndugu yangu, kwanza tuheshimu jina lako. Boda ya kwanza haikuwa na injini. Ilizaliwa mpakani, upande wa Busia, ambako vijana waliwavusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, abiria amekalia keria iliyowekewa kamto, dereva anaita "boda, boda!" Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina. Kwa hiyo baiskeli unayoipigia honi ikupishe ni babu yako.

Tuje kwenye pesa. Inafungwa barabara moja, kwa saa chache, asubuhi ya siku ambayo wateja wako wengi wako kanisani au wamelala. Aliyetembea kilomita tatu na mtoto wa miaka minne atakutafuta mwenyewe pale kamba inapoishia. Walioelewa hilo hupanga pikipiki zao kwenye ncha mbili za barabara na kurudi nyumbani na kitu mfukoni.

Lakini malalamiko yako yana haki upande mmoja, na hapa nawaambia waandaaji: mwenyekiti wa steji aambiwe kabla tangazo halijabandikwa ukutani. Mkimletea habari Jumamosi jioni, Jumapili atawaletea pikipiki arobaini katikati ya watoto, na hamtakuwa na la kumwambia.

Nawe usinijie na "nipishe kidogo tu" juu ya njia ya miguu siku za kazi. Jamu si kibali. Yule bibi anayeruka kando kukupisha hana breki.

Ni kweli mnataka kupiga marufuku magari yote Kampala? (Wasomaji watano, kwa maneno karibu yaleyale)

Hapana. Niliandika "saa chache" na "barabara moja", na nyinyi mkasoma "yote". Isitoshe, kwa Kiganda baiskeli huitwa *eggaali*, nalo ni neno letu "gari" lililobadilishwa matamshi. Treni ni *eggaali y'omukka*, gari la moshi. Hata injini zote zikizimwa, magari tutakuwa nayo.

Nataka baiskeli ya kwendea kazini, lakini Kampala ni vilima vitupu. Ninunue ya aina gani? (Bwaise)

Wewe wa Bwaise unalia na vilima? Kilima ni cha mkazi wa Kololo na Nakasero. Sisi wengine tunakaa bondeni, na mafuriko yanatukumbusha kila msimu wa mvua. Barabara nyingi za kuingia mjini zinafuata mabonde hayohayo. Kabla ya kununua chochote, tembea njia yako mara moja kwa miguu ukihesabu miinuko ya kweli. Wengi hukuta miwili, na mmoja una njia ya kuuzunguka.

Kuhusu baiskeli yenyewe: zile ndefu za chuma, zenye breki za fimbo na gia moja, ni punda wa mizigo. Kwa mikungu ya matoke iliyofungwa kwa raba za tyubu hakuna inayozishinda, na hata wale jamaa wa matoke wakifika mlimani hushuka wakasukuma, bila aibu. Ila mvua ikilowesha rimu za chuma, breki za fimbo zinateleza tu. Kwa safari ya kazini tafuta ya mtumba yenye gia, na uangalie gurudumu la nyuma: gia kubwa kuliko zote iwe na meno mengi, ndiyo itakayokupandisha. Kisha bana breki ya mbele kwa nguvu, uisukume baiskeli. Tairi la nyuma likiinuka, nunua. Baiskeli ikisonga kama vile hujashika kitu, badilisha raba za breki kabla hujashuka mteremko wa Namirembe. Si baada.

Taa ya nyuma ni lazima. Hukuniuliza, lakini naona mnavyorudi saa mbili usiku mmevaa nyeusi juu hadi chini.

Binti yangu wa miaka 12 anataka kushiriki na baiskeli ya kaka yake. Mama mkwe anasema msichana hapandi baiskeli. Nifanye nini? (Mama wa watoto watatu, Mukono)

Dada, mama mkwe hasemi uongo kuhusu zamani. Huku Buganda mwanamke kupanda baiskeli kulihesabiwa utovu wa adabu, na hadi leo wapo wanaokunja uso. Lakini siku ukipata nafasi ya kwenda Soroti au Lira, mwoneshe wanawake wanaotoka sokoni kwa baiskeli, gunia nyuma na mtoto juu ya gunia, na hakuna ndoa iliyovunjika kwa hilo.

Usibishane naye mezani. Mwalike Jumapili hiyo, mpe kiti kivulini, amwone mjukuu akienda na kurudi. Bibi wengi hupinga kitu wasichokiona. Sketi ya binti iwe fupi ya kutosha isinaswe na cheni, au avae suruali chini yake, na kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili ziguse chini akiwa amekaa. Baiskeli ya kaka mara nyingi ni kubwa mno, na kuanguka kwa kwanza ndiko kunakompa mama mkwe ushindi.

Mbona Kigali wameweza na sisi tunashindwa? (Entebbe)

Swali hili huja kila mwaka likiwa limevaa suti ileile. Kigali walianza mwaka 2016, mara moja kwa mwezi, baadaye wakafanya mara mbili. Addis Ababa walianza Desemba 2018, wakaiita Menged Le Sew, maana yake barabara za watu. Bogotá, kule Kolombia, wanafunga barabara tangu 1974, na siku hizi ni zaidi ya kilomita 120 kila Jumapili na sikukuu, saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana.

Ukiacha sifa zote, utakuta neno moja linalorudi: kila. Kila Jumapili, au kila Jumapili ya kwanza. Mwenye duka anajua, wa taksi anajua, mtoto anajua, hakuna anayehitaji redio kumtangazia. Sisi tunafanya mara moja kwa mwaka, na bendi ya tarumbeta, hema la wageni waheshimiwa na hotuba nne. Tukio la mara moja kwa mwaka ni harusi. Hakuna anayebadilisha njia ya kwenda kazini kwa sababu alihudhuria harusi.

Wala msiniambie Waganda hawapendi. Mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huijaza Mengo watu mpaka mitaa haitoshi. Miguu ipo, moyo upo.

Ile njia ya watembea kwa miguu na baiskeli ya Namirembe Road na Luwum Street ilikuwa ya nini kama pikipiki ndizo zinazoitumia? (Kisenyi)

Ilikuwa ya majaribio. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2012, na barabara hizo mbili zikachaguliwa kuonesha maana yake kwa lami na matofali. Uchaguzi haukuwa mbaya. Pale ndipo mzigo wa Owino na abiria wa stendi za taksi hukutana, na watu wa miguu wanayazidi magari kwa mbali.

Nilipita wiki jana. Nilihesabu pikipiki kumi na moja zimelala kwenye sehemu ya baiskeli, meza ya chaja za simu, na baiskeli moja, ambayo mwenyewe alikuwa anaisukuma katikati ya magari kwa kukosa pa kupita. Mchoro wa baiskeli chini bado ulionekana, chini ya tairi la pikipiki ya tatu.

Rangi haimzuii mtu. Kinachozuia ni kitu kigumu: nguzo fupi, ukingo ulioinuka, kivuko kilichoinuliwa kinachomlazimisha dereva apunguze mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 kwa saa pale magari na watu wa miguu wanapochanganyika. Kibao peke yake hakitakuletea hizo 30 Kampala, tuta litakuletea. Na nasema hili nikijua litawaudhi baadhi yenu: mchuuzi wa chaja si adui. Ukimfukuza bila kumpa pa kuuzia, atarudi kabla gari la askari halijakunja kona.

Tunataka kufunga mtaa wetu asubuhi moja. Tuanzie wapi? (Kikundi cha vijana, Jinja)

Hongereni, na mna bahati. Jinja ina mitaa mipana na tambarare, na ndiko yalipo makao ya FABIO, shirika ambalo limeshughulika na baiskeli kwa miaka mingi. Nendeni mkawaulize kabla ya kurudia makosa ambayo wengine wameshayafanya.

Anzeni na mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, kisha ofisi ya jiji, kisha polisi wa usalama barabarani, kwa barua, na kila barua mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Chagueni mtaa mfupi, mita mia mbili zatosha, usio njia ya kwenda hospitali, na mwache upana wa gari moja kwa ambulensi. Ulizeni saa za ibada. Kila mdomo wa mtaa uwe na watu wazima wawili na kamba, si kijana mmoja na simu.

Sasa fulana. Najua mmeshapata bei. Ziacheni. Pesa hiyo kanunueni kifuniko kimoja cha mtaro cha zege, au rangi ya kivuko mbele ya shule, kitu kitakachokuwepo Jumatatu saa moja asubuhi. Ila msipake kivuko bila wahandisi wa jiji. Kivuko cha kujipakia kinaua: mtoto anakiamini, dereva hakijui.

Na chukueni futi ya fundi cherehani. Pimeni upana wa njia ya miguu kwenye lango la kila shule mtaani, andikeni, pigeni picha futi ikiwa chini. Picha inayoonesha sentimita 40 na mtoto mwenye begi pembeni humnyima mheshimiwa usingizi kuliko hotuba yangu yoyote.

Tukimaliza, nani ataokota takataka? (Kikundi hichohicho, barua ya pili)

Nyinyi. Kabla kamba haijafunguliwa, na muanze na kaveera, mifuko ya plastiki, maana hizo ndizo zitakazoziba mtaro mvua ikinyesha jioni.