Kimeo, mafindofindo na "taifodi sugu": majibu ya maswali yenu

Mwanangu ana mwaka na nusu, anakohoa usiku hadi anatapika. Bibi yake anasema kimeo kimerefuka, kikatwe. (Mama, Nkuhungu)

Kisikatwe. Bibi namheshimu, shikamoo yake, lakini kimeo hakileti kikohozi. Mtoto akilia mdomo wazi utakiona kinaning'inia hadi kinagusa ulimi. Ndivyo kilivyo siku zote, ila hamjawahi kuchungulia akiwa mzima. Fundi atakata, damu itatoka, pengine isikate, na pepopunda haiulizi kisu kilichemshwa au la. Kikohozi nacho kitabaki palepale, maana chanzo chaweza kuwa nimonia, pumu, kifaduro au kifua kikuu. Mhesabie pumzi akiwa ametulia: zikifika 40 kwa dakika, au mbavu zikibonyea ndani, nenda hospitali leo hii, usingoje kupambazuke.

Mafindofindo yanamrudia binti yangu, lakini daktari anakataa kuyatoa. Si nyama tu zile? (Baba, Kizota)

Si nyama tu. Zile tezi mbili za kooni, pamoja na "nyama za puani" zilizo nyuma ya pua, ni tishu za kinga. Zimejaa mikunjo inayonasa kinachoingia kwa hewa na chakula. Humo chembe za kinga hukijua kijidudu, kisha hutengeneza kingamwili, hasa aina ya IgA, inayomwagwa juu ya utando wa koo, pua na utumbo. Mwili wa mtu mzima hutoa gramu 3 hadi 5 za IgA kwa siku, kuliko kingamwili nyingine yoyote. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 10 tezi hizi huwa kubwa, baadaye husinyaa zenyewe.

Daktari wako anahesabu: koo kuuma kweli mara 7 kwa mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Hapo upasuaji unazungumzika. Vilevile mtoto anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini. Vumbi letu la Julai likimpa kamasi siku nne, hilo halimo kwenye hesabu.

Ninachokuogopeshea ni duka la dawa. Unanunua kapsuli sita, homa inashuka, nyingine mnamwekea mdogo wake. Bakteria wa koo wasipotibiwa sawasawa wanaweza kuacha madhara kwenye valvu za moyo. Daktari akiandika vidonge vya penisilini vya siku 10, ni 10.

Nina taifodi sugu, Widal inasoma juu kila nikipima. Nimetibiwa mara tano mwaka huu. Nitumie dawa gani kali zaidi? (Area C)

Swali hili linanifikia kila wiki, na kila wiki kuna picha ya karatasi ya maabara. Taifodi ya kweli huingilia mwishoni mwa utumbo mdogo, kwenye mabaka ya tezi za kinga ambayo Mswisi Johann Conrad Peyer aliyaeleza mwaka 1677. Isipotibiwa, mabaka hayo hugeuka vidonda, na kwenye wiki ya tatu hivi utumbo unaweza kutoboka. Ungeipata mara tano kwa mwaka, usingekuwa unaniandikia kwa utani namna hiyo. Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, inaangalia kingamwili, nazo hubaki damuni muda mrefu baada ya kupona, au huchokozwa na vijidudu vingine. Omba damu yako ioteshwe maabara, ionekane kama bakteria wenyewe wamo. Dawa kali sikupi.

Kidole tumbo kina kazi gani?

Kina tezi za kinga. Kikivimba kitolewe, hutakikumbuka.

Dawa gani inaongeza kinga na kusafisha utumbo wa mtoto mchanga?

Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, tena mnaikamua na kuimwaga! Imejaa IgA. Maji ya sukari na hizo chupa za stendi wekeni mbali.

Kwa nini chanjo ya rota (ya kuhara) ni matone, na polio ni matone tena sindano? (Mama kijacho, Bahi)

Virusi hivyo vyote huingilia mdomoni, na matone huamsha kinga palepale kwenye utando wa utumbo. Sindano ya polio hulinda damu na mishipa ya fahamu vizuri, utumbo kidogo tu. Ndiyo maana mtoto hupewa zote. Akitapika mara baada ya matone, mwambie muuguzi kabla hujatoka kliniki.