"Tawdry": mng'aro unaoumbuka

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza: ni kivumishi gani cha Kiingereza kinachokujengea picha mara tu ukikisikia, na wenye lugha hukitumiaje? Mimi nachagua "tawdry". Kinatamkwa todri.

Kamusi zitakuambia ni sifa ya kitu rahisi chenye kumetameta ovyo. Si uongo, ila haitoshi. Kikombe cha plastiki ni rahisi, na hakuna atakayekiita hivyo, kwa sababu hakijidai kuwa kitu kingine. Sasa chukua pete ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, kigae chekundu kimebandikwa katikati eti ni yakuti, gundi imevuja pembeni, na kidole cha mvaaji kimeshaanza kufanya kijani. Hapo umefika. Lazima pawe na kujidai, kisha kujidai kwenyewe kuumbuke. Ndiyo maana halilingani na "gaudy", maana chenye rangi za kuwakawaka kinaweza kuwa ghali mno; wala na "shabby", ambalo ni la kitu kilichochakaa. Koti lililochakaa mtu huweza kuliheshimu. Pete ile, hapana.

Utamu hasa uko kwenye asili yake, kwa sababu limetoka kwa mtakatifu. Katika karne ya 7 aliishi Etheldreda, binti wa mfalme wa East Anglia, ambaye jina lake midomoni mwa watu lilikuja kuwa Audrey. Mwaka 673 alianzisha monasteri huko Ely, mashariki mwa Uingereza. Mtawa Bede, aliyeandika historia ya kanisa la Waingereza, anasimulia kwamba mama huyu akiwa monasterini alivaa sufu tu, kitani hakukitaka. Alifariki mwaka 679 kwa uvimbe wa shingoni, naye mwenyewe alisema amestahili, kwa kuwa ujanani aliibebesha shingo hiyohiyo mikufu.

Basi siku yake ikawa tarehe 17 Oktoba, Ely pakawa na gulio kwa jina lake, na bidhaa iliyovuma pale ni utepe wa hariri wa kuvaa shingoni! Wafanyabiashara hawajambo. Ukitamka "Saint Audrey" harakaharaka, ile t ya mwisho inaruka na kudandia jina linalofuata, na utepe ukaitwa "tawdry lace". (Saint Olave naye ndivyo alivyoiachia London mtaa wa Tooley Street.) Katika tamthilia moja ya Shakespeare, ya mwanzoni mwa karne ya 17, msichana anamdai kijana utepe huo pamoja na glavu za manukato alizomwahidi, na hakuna dharau yoyote ndani yake. Lakini baadaye tepe zikazidi kuwa za ovyo, na kabla karne hiyo haijaisha neno lilikuwa limeshageuka la kubeza. Naona mama wa watu ameonewa. Bahati nzuri jina lenyewe halikuchafuka: Audrey Hepburn, mwigizaji aliyesifika kwa mavazi ya nidhamu, alilibeba bila taabu.

Siku hizi, hata hivyo, utalikuta zaidi kwenye mambo ya watu kuliko kwenye mapambo. Magazeti ya Uingereza na Marekani huandika "a tawdry affair" mwanasiasa anapofumaniwa, hasa pakiwa na risiti za hoteli na meseji zilizovuja. Na "the tawdry details" ni yale ya chumbani ambayo mwandishi anadai yanamchefua, kisha anayamwaga yote aya kwa aya. Kwa sikio langu, mauaji au wizi wa kufilisi nchi haliyatoshi. Yanataka neno zito zaidi. Hili linataka uduni: waziri aliyeuza sahihi yake kwa saa ya mkononi, tena saa bandia.

Angalia tu unamwambia nani. Ukilitumia kwa pambo la sebuleni kwa mwenyeji wako, hujamwambia kwamba limenunuliwa kwa bei ndogo. Umemwambia hajui kizuri na kibaya. Na mkinibana nilitafute kwa Kiswahili, vitu ningeviita vikorombwezo, na zile kashfa ningeziita aibu za rejareja.