Anzeni na ngazi, kibodi baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kusomea programu hapa Mombasa, mwezi hautaisha kabla hamjakutana na Fibonacci: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Mimi niliikariri nikapita zangu, mpaka siku niliyokwenda kuomba atachimenti ofisi fulani. Nikaulizwa: ngazi ina vidato 5, kila hatua wapanda kimoja au viwili; kuna njia ngapi za kufika juu? Nikahesabu kwa vidole, nikapotea. Wala sikutambua kwamba nimeulizwa kitu ninachokijua.

Jioni nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya nyanya, Mji wa Kale, chaki mkononi, nikaanzia juu badala ya chini. Aliyefika kidato cha 5 ametoka cha 4, au ameruka kutoka cha 3. Hana pengine. Basi njia za 5 ni njia za 4, ambazo ni 5, na njia za 3, ambazo ni 3. Jumla 8. Kumbe tunajumlisha kwa sababu hiyo!

Wanazuoni wa India walifika huko kupitia ushairi: silabi fupi ina kipimo kimoja, ndefu viwili, je, mshororo wapangika kwa namna ngapi? Hemachandra aliieleza hesabu hiyo karibu na mwaka 1150; sungura wa Leonardo wa Pisa, ndiye Fibonacci mwenyewe, aliyeuliza jozi za sungura huongezekaje mwezi hadi mwezi, walikuja 1202. Sisi tuliokulia kwenye mizani 8 kwa 8, sungura wa nini?

Sasa kibodi. Mtafundishwa programu inayojiita yenyewe: ukiiomba namba, yajiita tena kutafuta kila moja ya mbili zilizoitangulia. Inapendeza machoni, lakini iombeni namba ya 40 muone: itajiita zaidi ya mara milioni 200. Ya 38 inatafutwa mara 2, ya 37 mara 3, ya 36 mara 5. Mfuatano wenyewe unawacheka. Wekeni mkononi namba mbili za mwisho tu, mzungushe lupu, yaani mrudie kujumlisha hatua kwa hatua. Jibu latoka papo hapo.

Na mkifika ya 47 mkaona namba hasi, msihangaike na lupu. Namba kamili yenye alama (chanya au hasi) iliyotengewa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, inakomea 2,147,483,647, na ya 47 ni 2,971,215,073; ikipita kikomo hugeuka hasi. Tumieni ya biti 64.