Ofisi ya watu 9 na mafaili ya kwenye flashi: NAS nunua, ila hela usiimalizie kwenye boksi

Mkuu umesema mko watu 9, mafaili yanazunguka kwa flashi na WhatsApp, kila mtu ana "final" yake na hamna anayejua final ipi ndo final, fundi kakupigia hesabu ya NAS, lile boksi la kutunzia mafaili ya ofisi nzima, ya diski 4 na wewe unajiuliza si bora mlipie tu Google Drive yaishe. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi. Niko ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Dar, tuko 11, na mimi sio mtu wa aiti kabisa, ni yule ambaye printa ikigoma anaitwa yeye, taratibu nikajikuta nimebebeshwa na netiweki na kila kitu na mshahara ni ule ule.

Sisi tulianza kibahili. Ruta ilikuwa na tundu la USB, tukachomeka eksteno (diski ya nje) ya TB 2, kila mtu akaiona kwenye kompyuta yake, tukajiona tumemaliza. Ilikuwa inatambaa kama konokono na yeyote angeweza kufuta chochote, lakini kilichoiua ni ufagio, dada wa usafi alivuta waya bahati mbaya kitu kikadondoka kwenye vigae na kuanzia hapo ikawa inalia tik tik tik. Mafaili mengi tuliyaokota okota kwenye laptopu za watu, mengine mpaka leo hatujayaona.

Ndo bosi akakubali tununue NAS. Kwa wasioijua, ile ni kompyuta ndogo tu isiyo na skrini wala kibodi, kazi yake ni kubeba diski na kugawa mafaili kwa netiweki, kila mtu ana akaunti yake na paswedi yake na wewe ndo unapanga nani anaingia folda gani. Tulichukua ya diski 2, tukaweka mbili za TB 4 kwa RAID 1, maana yake unachoandika kwenye diski ya kwanza kinaandikwa na ya pili hapo hapo, moja ikifa kazi inaendelea. Usije ukashangaa ukapata TB 4 na sio 8, na kwenye Windows ikasoma 3.6, hujaibiwa, ni hesabu zao tu. Hiyo ya diski 4 aliyokuambia fundi kwa RAID 5 (mpangilio mwingine, nafasi ya diski moja inaenda kwenye kinga) ingekupa nafasi ya diski tatu, sio mbaya, ila kwa ofisi ya PDF na Excel jiulize kwanza mna GB ngapi. Sisi miaka yote ya mafaili tulikuwa na GB 700 hivi, na humo kuna video za harusi ya mtu ambazo mpaka leo hajajitokeza kukiri.

Siku ya kuhamisha hayo mafaili nilichoka. Sekunde moja inapita MB 11, nikamlaumu aliyetuuzia, nikasema tumepigwa, kumbe swichi yetu, kile kiboksi cha kuunganisha waya za netiweki, ilikuwa ya zamani ya 10/100, yani mwisho megabiti 100 kwa sekunde, na hiyo MB 11 ndo mwisho wake hata ungechomeka seva ya benki. GB 700 kwa mwendo huo ni karibu masaa 18. Nilivyobadilisha swichi ikawa ya gigabiti, na waya mmoja ambao fundi aliuunga kwa selotepu nikautoa, ikapanda kwenye 110, yani kazi ya masaa mawili. Swichi yenyewe ni bei ndogo ukilinganisha na hilo boksi, kwahiyo kabla ya kulalamika NAS iko slo angalia njia inayopitia. Na mtu wa waifai hata umpe NAS gani ataendelea kulia, mvutieni waya.

Sasa nije kwenye pale tulipolia wote. Miezi kama nane tulikuwa raha mustarehe, nimewaambia watu "data ziko salama, diski ni mbili". Asubuhi moja mhasibu wetu ananiita, "kaka hebu njoo uone, Excel hazifunguki". Naenda naona mafaili yote yameongezewa herufi za ajabu mwishoni, kila folda ina ka-faili ka maandishi ka Kiingereza kanataka bitcoin. Yeye alishusha programu ya kukraki jana yake jioni, kirusi kikaingia kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa NAS ilikuwa inaonekana kwake kama draivu Z, kikatembea nayo usiku kucha kikifunga kila alichoruhusiwa kuandika, na mimi kwa uvivu nilikuwa nimempa kila mtu ruhusa ya kila folda. Diski ya pili? Ile ni muitikiaji tu, ya kwanza ikisema futa, nayo inaitika amina. Diski zote mbili zilikuwa nzima kabisa, zinafanya kazi vizuri mno, zimebeba uchafu ule ule.

Kilichotuokoa hata sio akili yangu. Bosi wiki moja na nusu kabla alinipa eksteno yake nimuwekee mafaili yote maana alikuwa anasafiri, akarudi nayo, ipo kwenye droo nyumbani kwake, mama watoto wake ndo aliitafuta. Tukapoteza siku 11 za kazi, tukawa tunawapigia mawakala na wateja kuomba tena BL (hati ya mzigo ya meli), invoisi, pakingi listi, na kuna mteja mmoja alituuliza "kwani nyie mnatunza wapi vitu vyetu?", nikakosa cha kumjibu. Hatukulipa hela ya mtu.

Ndo maana nakuambia, kama bajeti yako inatosha boksi la diski 4 tupu na ikaishia hapo, chukua la diski 2 na hiyo chenji fanya haya ninayokuambia. La kwanza snapshoti, yani NAS inapiga kama picha ya hali ya mafaili kila baada ya muda fulani, mtu akifuta au kirusi kikaharibu unarudisha folda ilivyokuwa saa mbili zilizopita, na mtu wa kawaida kutoka kwenye kompyuta yake hawezi kuigusa. Kwenye NAS za Synology unahitaji ufomati diski kwa aina ya Btrfs na sio kila modeli ya bei ya chini inakubali, uliza kabla hujalipa maana ukishaweka mafaili kubadilisha fomati ni kuhama nyumba. Sisi tumeweka kila lisaa limoja mchana, za wiki mbili zinatunzwa, na zimeshatuokoa kwenye vitu vidogo vidogo vya "nimefuta kwa bahati mbaya" mpaka nimepoteza hesabu.

Pili eksteno mbili za kupokezana. Ijumaa moja inachomekwa nyuma ya NAS inakula bakapu, ikimaliza inatolewa bosi anaondoka nayo, inayofuata inakuja nyingine. Lazima itoke nje ya ofisi mkuu, ikibaki imechomekwa masaa yote basi mwizi au moto anachukua vyote kwa mpigo. Na kila baada ya miezi kadhaa narudisha folda moja kutoka kwenye eksteno nione inafunguka, mara ya kwanza nilivyojaribu nikakuta bakapu ilikuwa inaruka folda ya uhasibu muda wote huo sababu ya ruhusa niliyokosea mimi mwenyewe. Fikiria ningeijua siku ya msiba.

Tatu UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikata. Umeme wetu mnaujua. NAS ikiwa katikati ya kuandika umeme ukakata, unaweza ukaamka na RAID iliyovurugika ambayo inajikagua siku nzima, au mafaili nusu nusu. Kuna watu wanasema tuna jenereta, sawa, ila jenereta mpaka liwake NAS imeshazimika zamani. Nunua UPS ndogo tu lakini iwe na tundu la USB la data nyuma, sio ile ya kutoa umeme tu, waya huo unaingia kwenye NAS, umeme ukikata na betri ikishuka UPS inaiambia NAS ijizime kwa adabu. Pale Kariakoo utaonyeshwa nyingi hazina hilo tundu na muuzaji atakuapia kuwa zote ni sawa tu. Betri nayo ikifika miaka miwili mitatu imechoka, ijaribu kwa kuchomoa ukutani siku ambayo hamna kazi.

Kuhusu klaudi sikukatazi, kwa mtu anayezunguka ni nzuri sana na hata sisi folda ya mikataba inapanda huko kila usiku. Ila kuishi klaudi peke yake fanya hesabu, hizo GB 700 zangu kwa laini inayopandisha megabiti 10 ni siku sita na nusu bila kupumzika, na siku ya janga unazishusha tena. Afu kumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuomba, sisi ndani ya ofisi tulikuwa tunafungua mafaili yetu kama kawaida, kutuma nje ndo ilikuwa shida. Na kama mnatunza nakala za NIDA za wateja jua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023, kwahiyo hiyo folda isiwe ya kila mtu, iwe NAS iwe klaudi.

Vingine haraka haraka. Diski chukua za NAS, na uliza kama ni CMR au SMR (namna mbili za diski kuandika data), hizi za SMR zikiwa kwenye RAID siku ya kubadilisha diski mbovu zinajivuta vibaya, mwaka 2020 WD wenyewe ilibidi wakubali kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 mpaka 6 zilikuwa SMR. Usiifungue NAS moja kwa moja kwenye intaneti ili bosi aione akiwa Dodoma, watu wa kirusi cha Qlocker 2021 na cha DeadBolt 2022 waliwafungia mafaili wenye NAS za QNAP kwa kuzikuta hivyo hivyo zimekaa wazi, weka VPN (njia ya siri ya kuingia netiweki ya ofisi ukiwa nje), ile ya Tailscale hata mimi niliiweza. Ile akaunti ya "admin" izime tengeneza nyingine. QuickBooks, ile programu ya uhasibu, usilifungulie faili lake juu ya NAS, liache kwenye kompyuta ya mhasibu na NAS ipokee bakapu yake tu, sisi tulijaribu likawa linakatika katikati ya kazi mpaka mhasibu akatishia kurudi kwenye daftari. Na boksi lisiwekwe stoo isiyo na hewa, Februari ya Dar unaijua.

Kabla hujaenda dukani ila, geuza hiyo swichi yenu chini usome imeandikwa 10/100 au 10/100/1000, afu rudi hapa utuambie na mna GB ngapi kwa jumla.