Mwache mpinzani akosee: kulinda na kushambulia kwenye tenisi ya wikendi

Kwenye uwanja wa udongo ninaochezea hapa Nairobi kuna mzee mmoja mstaafu ambaye vijana hawapendi kupangwa naye. Hapigi kwa nguvu. Anaukata mpira, unapita juu ya wavu polepole na kutua karibu na mstari wa nyuma, na hujaufikia yeye amesharudi katikati. Kijana huvumilia mipigo mitatu, minne, kisha huufumua mpira hadi kwenye uzio. Seti ikiisha analalamika: "Huyu hachezi, anarudisharudisha tu."

Mimi nasema huyo ndiye anayecheza. Kwa sisi tunaocheza kujifurahisha, pointi nyingi huamuliwa na makosa ya kujitakia, yaani mipira unayoiharibu mwenyewe bila mpinzani kukubana. Hata kwa mabingwa yana uzito: fainali ya Wimbledon ya 2019, Simona Halep alimshinda Serena Williams 6-2, 6-2, na mechi nzima alifanya makosa ya aina hiyo 3 tu.

Halafu kuna Nairobi yenyewe. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali. Mgeni aliyezoea kuchezea Mombasa au Dar es Salaam, akipiga kwa nguvu zake za pwani, siku ya kwanza mipira inamtoka nje ovyo. Mpiga-nguvu huku ana adui wa ziada.

Kwa hiyo anza na ulinzi, tena wenye akili. Piga kwa mshazari. Katikati wavu una kimo cha sentimita 91, kwenye nguzo 107, na njia ya mshazari ina nafasi zaidi ya mita 1 kuliko ya kunyooka. Usilenge mistari, pitisha mpira juu sana ya wavu, utue ndani kabisa. Ukisukumwa nyuma na mkono umenyooka, inua mpira juu, upate muda wa kujipanga.

Kushambulia, subiri mpira wenyewe ukuite. Ukitua mfupi, ndani ya boksi la sevu (eneo la karibu na wavu ambamo mpira wa kuanzisha pointi, yaani sevu, hutakiwa kutua), na kuruka hadi kiunoni, ingia bila kusita: upige kuelekea bekhendi ya mpinzani (upande usio wa mkono wake wa raketi), ufuate mpaka wavuni. Kuuachia mpira wa namna hiyo ni woga, hata ukiuita subira. Na mrudishaji asiyechoka usishindane naye kwa nguvu. Mvute mbele kwa mpira mfupi wa kukata, kwa sababu wengi wao wavuni hawana raha, kisha mpitishie mpira juu ya kichwa.

Haya yote ni ya wachezaji wawili. Mkicheza wanne, geuza hesabu: timu inayotangulia kushika wavu ndiyo yenye nafasi, kwa hiyo sevu iwe ya kuingia kwanza, kasi baadaye, na mwenzako aliye mbele awe tayari kuudaka mpira wowote unaoelea.