Maswali na Majibu: Je, 29 Aprili Ni Siku ya Nuksi?

Juzi safu hii iligusia misiba mitatu iliyotokea nchini mwetu Kenya tarehe moja, 29 Aprili, katika miaka tofauti. Barua zimemiminika tangu hapo. Hizi hapa ni baadhi yake, nyingine nimezifupisha.

Kijana wangu ataoa 29 Aprili. Baba zake wadogo wanasema tarehe hiyo ina damu: Mtongwe, Huruma, Mai Mahiu. Nimwambie abadilishe? (Mama wa watatu, Umoja)

Mama, mwache kijana aoe. Hata hivyo, baba zake wadogo hawakutunga. Asubuhi ya 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwapeleka watu kazini Mombasa, mita 40 hivi tu kutoka ufukweni, na watu 272 wakafa. Usiku wa 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Kabla ya mapambazuko ya 29 Aprili 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalilipasua na kukifagia kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa usingizini. Waliokufa walizidi 45.

Sasa uangalie msiba mmoja mmoja. Feri ile iliruhusiwa kubeba abiria 300, ikapakia zaidi ya 400. Jengo la Huruma lilikuwa karibu na mto na lilishaorodheshwa kubomolewa, lakini vyumba viliendelea kupangishwa na kodi kuchukuliwa. Kule Mai Mahiu, njia ya maji chini ya reli iliziba kwa magogo, mawe na matope. Huruma na Mai Mahiu zina jambo moja la kalenda kati yao, nalo ni masika, kwa sababu Aprili ndipo mvua hutushukia kwa nguvu. Mtongwe haikuhitaji mvua.

Neno nuksi linaniumiza kwa sababu linamwokoa asiyestahili kuokolewa. Siku ikishabebeshwa lawama, nani atamuuliza aliyekula kodi ya jengo la kubomolewa? Pale Huruma, siku ya nne, waokoaji walitoa mtoto mchanga akiwa hai, amefunikwa blanketi ndani ya ndoo. Siku ya sita wakatoa watu wanne zaidi wakiwa wazima. Watu waliochimbua kifusi kwa siku zote hizo, na wale ambao hawakutolewa hai, wanastahili tuseme wazi kilichowaangukia.

Kuhusu harusi, hofu ya haki ni mvua. Kodisha hema imara, na wageni wanaotoka mashambani waonywe wasivuke mto uliofurika, hata kama gari la mbele yao limepita salama.

Lakini misiba mitatu kwa tarehe moja, na mwaka una siku 365! Hiyo ni sadfa kweli? (Mwanafunzi, Githurai)

Ni sadfa, na hesabu yake unaweza kuifanya darasani, ukianza na misiba miwili; mitatu huhitaji tu orodha ndefu zaidi. Chukua misiba 23 yoyote uandike tarehe zake. Uwezekano wa angalau miwili kuangukia tarehe moja tayari umepita nusu. Wengi hawaamini kwa sababu wanafikiria tarehe moja tu waliyoishika kichwani, ilhali misiba 23 inakupa jozi 253 za kulinganisha. Ikifika 50, uwezekano unapita asilimia 97.

Na hapo tumechukulia kwamba misiba imetawanyika sawasawa katika mwaka. Kwetu haiko hivyo. Mafuriko hufuata masika, na Desemba barabara hujaa watu wanaokwenda ushago kwa sikukuu, madereva wamechoka na magari yamejaa. Matukio yanayorundikana katika wiki zilezile hugongana tarehe kwa urahisi zaidi. Jaribuni kwanza kwa siku za kuzaliwa; darasa la wanafunzi 40 ni nadra kukosa wawili waliozaliwa tarehe moja.

Nimesikia Mexico hutetemeka kila 19 Septemba. Kweli? (Fundi wa simu, Luthuli Avenue)

Si kila mwaka, lakini kisa chenyewe ni cha ajabu, nami nakipenda kwa sababu kina funzo la kazi ndani yake. Tarehe 19 Septemba 1985, saa moja na dakika 17 asubuhi, tetemeko la kipimo cha 8.0 lilipiga pwani ya Pasifiki. Mji wa Mexico uko mbali na pwani hiyo, lakini sehemu kubwa yake imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale, udongo unaokuza mtikisiko. Maelfu walikufa.

Nchi hiyo ikaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya mazoezi ya kujiokoa. Mwaka 2017, tarehe hiyohiyo, ving'ora vya mazoezi vililia saa tano asubuhi na watu wakatoka majengoni. Saa saba na dakika 14 mchana likaja tetemeko lenyewe, la kipimo cha 7.1, likaua watu 369. Mwaka 2022 mazoezi yalikuwa yamekwisha chini ya saa moja kabla ya tetemeko jingine kubwa. Safari hiyo walikufa wawili.

Waliopoteza watu wao wakiogopa Septemba, siwezi kuwacheka. Lakini 7 Septemba 2017, siku 12 tu kabla ya lile la mji mkuu, tetemeko la 8.2 liliipiga Chiapas na Oaxaca na kuua karibu watu 100. Lilikuwa na nguvu kuliko yote matatu niliyoyataja, na hakuna anayelisimulia kama muujiza, kwa kuwa tarehe yake haikufanana na nyingine. Ardhi ya Mexico hutetemeka mwaka mzima. Macho yetu ndiyo yanayochagua 19 Septemba.

Dada yangu anasafiri kwa ndege 17 Julai. Nimeona ndege tatu zilianguka tarehe hiyo. (South B)

Ni kweli, zilianguka: TWA 800 karibu na New York mwaka 1996, ndege ya TAM mjini São Paulo mwaka 2007, na MH17 huko Ukraine mwaka 2014. Ya kwanza ililipuka mvuke wa mafuta ndani ya tangi la katikati, ya pili ilishindwa kusimama kwenye barabara ya kutua na kutoka nje, ya tatu ilitunguliwa kwa kombora. Sababu tatu zisizojuana. Dada asafiri salama.

Ajali ikitokea usiku wa manane, huhesabiwa siku gani? (Mlinzi wa usiku, Industrial Area)

Hapo ndipo orodha nyingi za tarehe hukorogeka. Titanic iligonga barafu 14 Aprili 1912, dakika 20 kabla ya saa sita usiku, ikazama 15 Aprili saa nane na dakika 20. Wengine huandika 14, wengine 15. Moto wa bweni la Kyanguli, Machakos, uliowaua wavulana 67, uliwaka usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, na utauona umeandikwa 25 na 26. Kwa hiyo ukiona misiba miwili imelinganishwa tarehe, uliza kwanza ilikuwa saa ngapi, na kwa saa za nchi gani.

Mimi nilikuwa mjini 7 Agosti 1998. Je, waliolipua bomu kwenye ubalozi wa Marekani waliichagua siku? (Mzee wa Ngara)

Shikamoo mzee, na pole kwa uliyoyaona. Swali hili ni la haki kwa shambulio kuliko kwa ajali, kwa sababu shambulio lina mpangaji. Tarehe hiyo ilitimiza miaka minane kamili tangu Marekani ilipoagiza majeshi yake yaende Saudi Arabia, 7 Agosti 1990, na kuwepo kwa majeshi hayo huko kulikuwa lalamiko kubwa la Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi lililofanya shambulio hilo. Wachambuzi wengi wamelitaja hilo. Mimi naona lina uzito.

Tarehe 15 Januari nayo watu huitaja: al-Shabaab walishambulia kambi ya wanajeshi wetu El Adde, Somalia, mwaka 2016, kisha hoteli ya DusitD2 hapa Nairobi mwaka 2019. Lakini taarifa ya al-Shabaab kuhusu shambulio la DusitD2 ilizungumzia uamuzi wa Trump kuhusu Jerusalem.

Jambo moja la 7 Agosti sitaki lisahauliwe na vijana. Wengi waliopoteza macho yao siku ile walikuwa wamekimbilia madirishani baada ya kusikia mlipuko wa kwanza, mdogo. Ule mkubwa ukawakuta wameegemea vioo. Watu 213 walikufa hapa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Ukisikia mlipuko, kaa mbali na dirisha, lala chini.

Kama kinachoua ni jengo bovu, si tarehe, langu nitalijuaje kabla ya masika? (Mpangaji, Pipeline)

Nyufa nyembamba za plasta peke yake zisikukoseshe usingizi. Angalia nguzo na mihimili: ufa mpana au wa mshazari, zege linalomeguka hadi chuma kuonekana, au nguzo iliyovimba katikati. Angalia pia sakafu iliyolalia upande mmoja, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri ambao sasa unakwama. Chumba cha chini kikituama maji karibu na msingi kila mvua inaponyesha, hilo nalo liandike.

Dalili za nguzo zikija pamoja na milango kukwama au sauti za kupasuka, toka siku hiyohiyo na uwaamshe majirani. Usingoje mwenye nyumba arudi. Ripoti kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ukiwa na picha zenye tarehe. Kwa dharura piga 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wanapatikana bila malipo kwa 1199.