Mfungaji kijana na kikomo cha mishahara NHL: msaini, ila hesabu mashuti kwanza

Mkuu, umeuliza hivi kuhusu NHL, ligi ya mpira wa magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada: winga wa miaka 22 anamaliza mkataba wake wa kwanza wa miaka 3, kafunga magoli 32, wakala anataka dola milioni 8 kwa mwaka kwa miaka 8. Timu imebakiwa na milioni 11 chini ya kikomo, yaani jumla ya juu ya mishahara inayoruhusiwa kwa msimu, na mabeki wawili nao wanasubiri mikataba. Asainiwe au auzwe?

Asainiwe. Lakini hayo 32 yaweke pembeni kwanza, leta mashuti. Mafowadi wa ligi hii kwa kawaida huingiza asilimia 10 hadi 12 ya mashuti yanayolenga goli. Kijana aliyepiga mashuti 260 kupata magoli 32 yuko kwenye 12, huyo mwakani anaweza kurudia. Aliyepiga 170 akapata 32 yuko karibu na 19. Akishuka kwenye 12, mashuti yaleyale yanazaa magoli 20, na wewe umeshalipa bei ya 32. Wapo wachache wanaokaa juu ya 15 miaka nenda rudi, ila msimu mmoja haukuonyeshi nani ni nani. Halafu gawanya magoli: mangapi kayafunga mpinzani akiwa pungufu, mtu wake katolewa kwa muda kukaa kwenye boksi la adhabu? Kama ni 14, tena akilishwa na senta nambari moja wa timu, basi sehemu ya hiyo milioni 8 ni jasho la senta.

Akipita hapo, acha kufikiria dola, fikiria asilimia ya kikomo. Kikomo kilikuwa milioni 88 msimu wa 2024-25, kikawa 95.5 msimu uliofuata, na ligi ilitangaza mapema 104 kwa 2026-27 na 113.5 kwa 2027-28. Milioni 8 kwenye 88 ni asilimia 9. Kwenye 113.5 ni 7. Mshahara uleule, mzigo unapungua wenyewe kila mwaka. Ndiyo maana New Jersey Devils walifanya biashara nzuri sana walipompa Jack Hughes miaka 8 kwa milioni 8 kwa mwaka Novemba 2021, wakati misimu yake miwili ya mwanzo ilikuwa na pointi (magoli na pasi za magoli) 52 tu katika mechi 117. Wengi waliona wamelipa mno. Msimu wa 2022-23 akafunga 43 na kufikisha pointi 99. Wangesubiri huo msimu uishe, bei ingekuwa nyingine kabisa.

Lakini kikomo hupanda pale ligi inapoingiza pesa. Toronto Maple Leafs waliwasaini mafowadi wao wanne, Matthews, Tavares, Marner na Nylander, kwa jumla ya karibu milioni 40 kwa mwaka wakitegemea kikomo kitapanda. Ikaja korona, kikaganda kwenye 81.5 kwa misimu mitatu. Nusu ya bajeti kwa watu wanne, wachezaji 19 waliobaki wanagawana nusu nyingine.

Kuhusu mkataba wa daraja, yaani miaka 2 au 3 ya kuvukia: ni dawa ya mashaka, si ya kubana matumizi. Montreal Canadiens walimpa P.K. Subban miaka 2 kwa jumla ya milioni 5.75 mwaka 2013. Alikuwa beki, ila hesabu ni ileile. Akachukua tuzo ya beki bora msimu huohuo, na 2014 wakamsaini miaka 8 kwa jumla ya milioni 72. Kama unamwamini kijana, daraja linakugharimu. Kama mashuti yake ni ya asilimia 19, daraja ndilo linalokuokoa.

Sasa tarehe, maana wengi huharibu hapa. Mkataba wake wa kwanza ukiisha, kijana anakuwa huru nusu: haki zake bado ni za timu, lakini timu nyingine inaweza kumpa ofa rasmi, na nyie mna siku 7 tu za kumpa kiasi hichohicho abaki, au mumwache aende. Agosti 2024 St. Louis Blues waliwavamia Edmonton Oilers hivyo, wakijua kikomo kimewabana. Philip Broberg wakampa 4,580,917 kwa mwaka, Dylan Holloway 2,290,457. Tazama hizo namba zilivyokaa: ni dola ya mwisho kabla fidia anayolipwa aliyenyang'anywa mchezaji haijapanda ngazi. Oilers hawakuzifikia ofa hizo, wakaambulia chaguo moja la raundi ya pili na moja la raundi ya tatu kwenye drafti, zoezi la timu kuchagua chipukizi kwa zamu. Holloway akafunga 26 msimu huohuo. Kwa hiyo hizo milioni 11 zisiguswe kusaini mkongwe wa kikosi cha tatu cha akiba Julai mosi, soko la wachezaji huru linapofunguliwa, kabla kijana hajaweka sahihi.

Kugoma nako kuna gharama. Asiposaini hadi Desemba mosi, msimu wote hachezi. Nylander alisaini dakika za mwisho siku hiyo mwaka 2018, na kwa kuwa msimu ulikuwa umeanza, mwaka wa kwanza ulihesabiwa zaidi ya milioni 10 kwenye kikomo, iliyobaki chini kidogo ya 7. Akamaliza na magoli 7 katika mechi 54.

Kwa hesabu yako, 8 kati ya 11 inaacha 3 kwa mabeki wawili, haitoshi. Kiangazi mnaruhusiwa kuvuka kikomo kwa asilimia 10, ila msimu ukianza lazima mshuke, kwa hiyo mkongwe mmoja wa milioni 3 au 4 atafutiwe timu. Na angalia muundo wa malipo: fedha za kusaini hazipunguzwi mkivunja mkataba. Mshahara wa kawaida uliobaki, aliye chini ya miaka 26 mnamlipa theluthi moja, aliyefika 26 theluthi mbili.

Nikikuta ni yule wa asilimia 19 na wakala anakataa miaka 3 kwa milioni 5 au 6 kwa mwaka, namuuza Juni kabla ya drafti. Agosti kila timu imeshatumia chaguo zake na nafasi zake.